Mkono Hauzunguki Bure: Jinsi Msichana Anavyorusha Mpira wa Softiboli

Kuna imani moja inayotembea katika viwanja vyetu vya softiboli, na ukiuliza ilitoka wapi hakuna anayejua. Ati mrushaji wa softiboli hachoki. Ati kwa sababu mpira unarushwa kutoka chini, mkono unazunguka tu kama gurudumu, basi msichana mmoja anaweza kurusha mechi tatu kwa siku na kesho yake arudi uwanjani. Timu nyingi za shule zimejengwa juu ya imani hiyo: wachezaji kumi na watano, mrushaji mmoja.

Makomredi, tulizungumze hili vizuri, kwa sababu sisi ndio tunaoitwa kusaidia. Msichana akishacheza softiboli chuoni, shule ya upili iliyo jirani humwomba aje kuwafundisha wadogo zake Jumamosi. Anakwenda na moyo safi, anawafundisha vile alivyofundishwa. Kama alifundishwa vibaya, ubaya nao unarithiwa. Na anayelipa ni bega la mtoto wa miaka kumi na minne.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ikiwa mchezo wa kupitishia wakati ndani ya ukumbi. Leo ni mchezo wa kasi kweli kweli. Katika mechi za kimataifa za wanawake, na za vyuo vya Marekani, mrushaji husimama mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani. Mpira una mzingo wa inchi 12 na uzito wa gramu 178 hadi 198. Mwaka 2012 Monica Abbott wa Marekani alirusha mpira uliopimwa maili 77 kwa saa, yaani karibu kilomita 124. Piga hesabu: kutoka umbali huo, mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuuona mpira, kuamua, na kuzungusha gongo.

Kasi ya namna hiyo haitoki mkononi peke yake. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunamwona msichana akizungusha mkono, tunadhani mkono ndio injini. Kumbe mkono ni mkia wa mjeledi. Injini iko miguuni na kiunoni.

Fikiria matatu iliyo kwenye mwendo. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linasimama, lakini abiria wanarushwa mbele. Mrushaji mzuri hufanya vivyo hivyo kwa mwili wake. Anajisukuma kwa nguvu kutoka kwenye kibao cha kurushia, mguu wa mbele unatua na kuwa breki, nyonga inasimama, kiwiliwili kinasimama, halafu nguvu yote iliyokuwa ikisafiri inakimbilia mkononi na kutokea kwenye vidole. Mguu wa mbele ukilegea, breki haipo. Breki isipokuwepo, bega hulazimika kutengeneza kasi ambayo miguu ilikataa kuitoa. Fanya hivyo mara mia moja kwa siku, halafu shangaa bega likianza kulalamika.

Tuufuate mzunguko kwa uso wa saa

Chukulia mrushaji wa mkono wa kulia, nawe umesimama upande wake wa kulia. Tumia namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, si vile tunavyotaja saa kwa Kiswahili. Mkono unaanza chini, kwenye 6. Unapita mbele kwenye 3, unapanda juu hadi 12, unashuka nyuma kupitia 9, kisha unarudi chini na mpira unaachiwa karibu na paja.

Kutoka 6 hadi 12 ni safari ya kujikusanya. Mwili unasonga mbele, mguu wa nyuma unasukuma ardhi, na nyonga inafunguka, hivi kwamba mkono unapofika juu, kitovu kinaelekea besi ya tatu. Mkono uwe mrefu lakini usikakamae. Kiwiko kiwe na mkunjo mdogo. Mkono uliokakamaa kama fimbo huwa mzito kuuzungusha.

Kutoka 12 hadi 9 ndipo mguu wa mbele unapotua. Utue kwenye mstari unaotoka katikati ya kibao hadi besi ya nyumbani, vidole vya mguu vikiwa vimegeuka kidogo upande wa besi ya tatu. Goti lipinde kidogo tu, kiasi cha kupokea mshtuko, wala lisilale kwa ndani. Goti linaloangukia ndani ni jambo la kuliangalia sana kwa wasichana wanaokua, maana hapo ndipo kano za goti zinapopata shida.

Kutoka 9 hadi kuachia mpira ni sehemu fupi kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mkono ukiwa nyuma kwenye 9, kiganja kielekee juu, kama mtu aliyeshika bakuli la uji asilotaka limwagike. Mkono ukishuka, kiwiko kinatangulia, mkono wa juu unakaa karibu na mbavu, na kigasha kinapita kikigusa nyonga kidogo. Baada ya hapo kigasha chenyewe kinageuka kwa ndani, na mpira unatoka. Mgeuko huo wa kigasha ndio mjeledi wenyewe.

Mafundisho matatu ya zamani ya kuachana nayo

La kwanza ni lile la kumaliza kwa kukunja kiwiko hadi mkono uguse bega, kana kwamba unamsalimia mdakaji kwa kiwiko. Wengi wetu tulifundishwa hivyo. Msichana anashusha mkono kiganja kikiwa kimetazama chini au kuelekea besi ya pili, halafu anauinua mpira kwa nguvu. Lakini angalia video za taratibu za warushaji wakubwa, Abbott au Yukiko Ueno wa Japani, usimamishe pale mpira unapoachiwa. Hakuna mkono unaonyanyuliwa kwa makusudi. Kigasha kinageuka, na mkono unamalizia pale kasi inapoupeleka.

La pili ni mazoezi ya kukunja kifundo cha mkono: msichana anasimama akimtazama mdakaji, anapiga kifundo tu, mara hamsini kabla ya mazoezi. Shida ni kwamba kifundo hakifanyi kazi peke yake katika mrusho wa kweli. Kinafuata kigasha. Dakika ishirini za zoezi hilo hujenga tabia ambayo mrusho hauihitaji.

La tatu ni "funga mlango", yaani kuizungusha nyonga kwa nguvu hadi mwili wote umtazame mpigaji kabla mpira haujaachiwa. Nyonga ikiwahi kufunga, inaziba njia ya mkono. Mkono unalazimika kuzunguka mbali na mwili, mpira unakwenda ovyo, na bega linavutwa nje. Nyonga iwe nusu wazi mpira unapotoka. Itajifunga yenyewe baadaye.

Kwa nini bega linaumia

Turudi sasa kwa ile imani kwamba kurusha kutoka chini hakuchoshi. Watafiti waliowapima warushaji wa kike kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 waligundua kwamba mkono unaposhuka, nguvu inayolivuta bega kutoka kwenye tundu lake hufikia kama asilimia 80 ya uzito wa mwili. Msichana wa kilo 50 anapata mvuto wa kama kilo 40 begani, kila mrusho. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba msuli wa mbele wa mkono wa juu hufanya kazi kubwa zaidi katika mrusho huu wa kuzungusha kuliko katika kurusha kutoka juu. Ndiyo maana mrushaji wa softiboli akianza kuumwa, mara nyingi huonyesha sehemu ya mbele ya bega.

Lakini sheria zimechelewa kuufuata mwili. Ligi ya watoto ya Marekani, Little League, iliweka kikomo cha kuhesabu mirusho kwa besiboli mwaka 2007. Softiboli haikuwekewa hesabu kama hiyo. Wavulana wakapata kinga, wasichana wakaambiwa mrusho wao ni wa kawaida.

Mtu ataniambia: mbona Ueno aliweza? Ni kweli. Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, alirusha mipira 413 kwa siku mbili, 318 kati ya hiyo siku moja katika mechi mbili, na Japani ikachukua dhahabu. Lakini Ueno alikuwa na miaka 26, mwili umekomaa, na alikuwa kwenye fainali za Olimpiki. Dada yetu wa kidato cha pili anacheza michuano ya kaunti ndogo, na mifupa yake bado inakua. Tusimpe mzigo wa Ueno bila mwili wa Ueno.

Mwongozo mmoja wa madaktari wa michezo wa Marekani unapendekeza mirusho isiyozidi 80 kwa mechi kwa msichana wa miaka 13 hadi 14, na 100 kwa aliye na miaka 15 na zaidi. Anza na namba hizo. Na uhesabu pia mipira ya kupasha mwili moto, maana bega halitofautishi mrusho wa mazoezi na wa mechi.

Tabia za kujenga uwanjani

Vifaa si kisingizio. Chora mstari wa chokaa kutoka kwenye kibao hadi besi ya nyumbani. Baada ya kila mrusho, mchezaji aangalie mwenyewe alama ya mguu wake. Akitua kulia au kushoto ya mstari kila mara, anajua kinachoharibika kabla hujamwambia.

Kwa mtoto anayeanza, punguza umbali. Marekani, wasichana wasiozidi miaka kumi hurushia kutoka futi 35, karibu mita 10.7, tena kwa mpira mdogo wa inchi 11. Ukimweka anayeanza kwenye mita 13, atajirusha mwili mzima ili mpira ufike, na huo mwendo mbaya ndio atakaoushika.

Zoezi la kuanzia ni hili: asimame ubavu, miguu kwenye mstari, mkono wa kurusha ukiwa nyuma kwenye 9, kiganja juu. Atoke hapo tu, arushe kwenye ukuta au wavu kutoka mita tatu. Tumia soksi iliyojazwa vitambaa kama mipira ni michache. Lengo ni ahisi kigasha kikigusa nyonga na kugeuka. Akishalizoea, ongeza mzunguko mzima, kisha hatua, kisha umbali. Usahihi wa kulenga uje mwisho. Ukidai mpira uingie glavuni siku ya kwanza, atapunguza kasi ili akufurahishe, na kasi iliyopunguzwa mapema ni kazi kuirudisha.

Aina za mipira pia zisubiri. Mpira wa kasi na mpira wa polepole unaomdanganya mpigaji vinamtosha kwa miaka ya mwanzo. Kumfundisha mipira mitano ya kupinda kabla hajaweza kutua kwenye mstari ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Fundisha warushaji watatu, hata kama mmoja ndiye bora. Hao wawili watapoteza mechi kadhaa, sawa. Wataokoa bega moja.

Na kuna jambo la adabu. Unapomrekebisha msichana nyonga au bega, eleza kwa maneno, onyesha kwa mwili wako mwenyewe, au mpe simu ajione kwenye video. Ikibidi kumgusa, muombe ruhusa kwanza, mbele ya wenzake. Kocha wa kiume hasa, hili usilisahau. Msichana asiyejisikia salama hawezi kukwambia ukweli kuhusu mwili wake, na ukweli huo ndio unaouhitaji kuliko kitu kingine.

Kwa sababu mwisho wa yote, chombo bora cha kupimia ni sentensi moja: "Kocha, mkono unaniuma." Wengi hawaisemi. Wanaogopa kuitwa wavivu, wanaogopa kupoteza nafasi, au timu haina mwingine. Kwa hiyo uliza wewe. Uliza kabla ya mazoezi na baada, na uliza amekula nini leo, maana msichana aliyeshinda na chai ya rangi hana miguu ya kusukuma, na miguu isiposukuma, bega hulipa. Akisema unauma sehemu ya mbele ya bega au kwenye mfupa wa kigasha, apumzike siku hiyo, na maumivu yakiendelea aonane na daktari. Asiambiwe apake dawa ya kuchua aendelee.

Softiboli itarudi kwenye Olimpiki mwaka 2028. Labda hakuna msichana wa shule ya jirani atakayefika huko, labda yupo. Vyovyote vile, Jumamosi hii yupo mmoja amesimama kwenye kibao, anasubiri umwambie afanye nini. Beba chokaa, beba daftari la kuhesabia mirusho, na ufike mapema.