Fisi Maji wa Ziwa la Tanganyika: Habari Zake na Habari za Jina Lake

Katika mambo yawapasayo walimu wa lugha, moja ni kuchungua jinsi jina linavyoweza kushika mahali pa ujuzi. Mtu akisha kulijua jina la kitu, hudhani amekwisha kukijua kitu chenyewe. Mara nyingi hapana madhara. Lakini mara nyingine jina huwa na hukumu ndani yake, na ahukumiwaye hana njia ya kujitetea. Kwa mfano wa jambo hili tumemchagua mnyama mmoja wa ukingo wa Ziwa la Tanganyika, ambaye Kiswahili humwita fisi maji. Tutaeleza kwanza habari za jina, kisha habari za mnyama mwenyewe, kisha hatari zilizomzunguka, na mwisho yale ambayo mwalimu wa Ujiji na vijiji vya jirani aweza kuyafanya.

Habari za jina

Kiswahili kina desturi ya kumpa mnyama asiyezoelekana jina la mnyama ajulikanaye, na kuongeza neno la kuonyesha makao yake. Ndivyo tusemavyo mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu, na fisi maji. Desturi hii si ya Kiswahili peke yake. Wayunani wa kale walimwita kiboko farasi wa mtoni, na jina hilo limo hata leo katika lugha za Ulaya. Hali Kiswahili kina neno lake halisi, lisiloazimwa kwa farasi wala kwa mnyama mwingine. Lakini kwa huyu fisi maji mambo yamegeuka. Jina lake katika Kiingereza na Kijerumani latoka katika asili moja na neno la maji, wala halimtii katika ukoo wa mnyama mwingine. Sisi ndio tuliomwazimia jina, na jina tulilomwazimia ni zito.

Maana fisi ni nani katika masimulizi yetu? Ni mlafi asiyeshiba, ni mjinga adanganywaye na sungura, ni mla mizoga, tena ni mnyama ambaye watu wengi humsadiki kuwa mtumishi wa wachawi. Wazee husema, Fisi akila muwele, mzima funga mlango. Basi mtoto asikiapo kwa mara ya kwanza habari za fisi maji, hupokea mzigo huo wote kabla hajamwona mnyama. Akimwona siku moja akichungulia majini kwa kichwa chake kilicho bapa, mkono wake umekwisha kuokota jiwe.

Walakini mnyama huyu si fisi hata kidogo. Wataalamu wa elimu ya wanyama huwagawa wanyama walao nyama katika pande mbili kubwa, upande wa paka na upande wa mbwa. Fisi, ijapokuwa kwa sura afanana na mbwa, yumo upande wa paka, pamoja na simba, chui, fungo, kanu na nguchiro. Fisi maji yumo upande wa mbwa, katika jamaa moja na nyegere na kicheche. Kwa hiyo mbwa alindaye nyumba ni ndugu wa karibu zaidi wa fisi maji kuliko alivyo fisi mwenyewe. Majina ya kitaalamu yaonyesha hayo wazi. Aina moja huitwa Hydrictis maculicollis, na sehemu ya pili ya jina hilo, iliyotolewa na Mjerumani Lichtenstein mwaka 1835, maana yake ni mwenye shingo ya madoa. Aina nyingine huitwa Aonyx capensis; neno la kwanza ni la Kiyunani, maana yake asiye na kucha.

Tena haki yataka tuseme kwamba fisi mwenyewe naye amesingiziwa. Mtaalamu Hans Kruuk aliwachungua fisi wa Serengeti na Ngorongoro, na katika kitabu chake cha mwaka 1972 alionyesha kwamba fisi wenye madoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, wala hawaishi kwa masazo ya simba tu. Mtu huyo huyo, pamoja na mwenzake Goudswaard, aliandika mwaka 1990 habari za chakula cha fisi maji katika Ziwa Viktoria. Basi yeye amewachungua wote wawili, fisi wa bara na huyo aitwaye fisi wa majini, wala hakuwachanganya.

Habari za mnyama

Aina hizi mbili za fisi maji hupatikana katika nchi za maziwa haya makubwa, na yafaa mwalimu aweze kuzipambanua.

Yule mwenye shingo ya madoa ni mdogo. Urefu wake pamoja na mkia ni kama mita moja, na uzito wake wa kawaida ni kilo nne au tano. Manyoya yake ni ya kahawia iliyoiva, na kooni na kifuani ana mabaka meupe au ya manjano, ambayo kila mmoja anayo ya namna yake. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama vya bata, navyo vina kucha. Huwinda mchana, hasa asubuhi na jioni, karibu na ukingo, na chakula chake kikubwa ni samaki wadogo. Hula pia kaa na vyura. Hujificha katika mapango ya mawe na katika matete, na jike huzaa mtoto mmoja mpaka watatu. Mnyama huyu huwinda kwa macho. Kwa sababu hiyo maji masafi kwake ni kama taa kwa mtu asomaye usiku. Taa ikizimika, kitabu chafaa nini?

Yule asiye na kucha ni mkubwa zaidi, hata huzidi kilo kumi. Koo lake na mashavu yake ni meupe. Vidole vyake vya mbele havikuunganishwa, naye huvitumia kama mtu atumiavyo mikono, akipapasa chini ya mawe na katika matope kutafuta kaa. Kwa hiyo huweza kuwinda hata mahali ambapo maji si maangavu sana. Atakaye kujua ni yupi aliyepita, na atazame kinyesi kilichoachwa juu ya mawe: kikijaa magamba na miiba ya samaki, yaelekea ni wa shingo ya madoa, kikijaa maganda ya kaa, yaelekea ni asiye na kucha.

Ziwa la Tanganyika lamfaa sana yule wa kwanza. Lina urefu upitao kilomita 650 na kina kipitacho mita 1,400, na maji yake ni maangavu kuliko ya maziwa mengi. Katika mawe ya ukingoni huishi aina nyingi sana za samaki wadogo, na nyingi katika hizo hazipatikani mahali pengine po pote duniani. Pwani ya Ujiji ni tambarare. Lakini kuelekea kaskazini mpaka Gombe, na kusini mpaka Mahale, vilima vyateremka mpaka majini na mawe ni mengi.

Hatari zilizomzunguka

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile umewaandika wote wawili katika Orodha Nyekundu kuwa wako karibu kuingia hatarini. Maana yake si kwamba wamekwisha, bali kwamba wapungua, na mambo yawapunguzayo hayajakoma.

Jambo la kwanza ni nyavu. Fisi maji hana mashavu ya samaki, huvuta pumzi kama sisi. Akiingia katika wavu uliotegwa chini ya maji akifuata samaki walionaswa, hunaswa yeye pia, na hufa maji kwa muda mfupi. Nyavu za siku hizi ni za nailoni, ngumu kukatwa kwa meno. Makokoro yavutwayo pwani, ambayo sheria za uvuvi za Tanzania zimeyakataza, hukomba mahali pale pale awindapo na pale samaki wadogo wakulipo.

Jambo la pili ni chuki. Hatutaki kuwadhulumu wavuvi. Ni kweli kwamba fisi maji hula samaki walio wavuni, tena hurarua wavu. Na mtu aliyenunua wavu kwa mkopo akiuona umeraruka, hasira yake si ya bure. Lakini yafaa hesabu ifanywe kwa haki. Utajiri wa uvuvi wa Kigoma ni dagaa na migebuka, nao huvuliwa mbali na ukingo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Zamani ilikuwa kwa moto wa kuni na wavu wa mkono uitwao lusenga. Fisi maji mwenye shingo ya madoa huwinda mchana, karibu na mawe. Yeye na mvuvi wa dagaa hawakutani sana, si kwa saa wala kwa mahali. Anayemdai kweli ni mvuvi mwenye nyavu za kutega ukingoni, wala si ziwa zima. Tena makosa ya kenge na ya mnandi mara nyingi huandikwa katika deni lake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jina la mlafi.

Jambo la tatu ni udongo. Miti ya vilimani ikikatwa, mvua huteremsha udongo ziwani, ukafunika mawe na kuyachafua maji. Wataalamu walioyachungua mambo ya ziwa hili walieleza mwaka 1993 kwamba mahali palipoingiwa na udongo mwingi aina za viumbe ni chache kuliko mahali palipo safi. Hapo fisi maji hupata hasara mbili, samaki wamepungua, na wale waliosalia hawaoni. Kwa hiyo kazi ya kupanda miti katika vijiji vya Kigoma, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Jane Goodall kwa jina la TACARE, ijapokuwa ilifanywa kwa ajili ya watu na sokwe, yamfaa pia mnyama asiyepanda mti.

Jambo la nne ni ngozi. Katika sehemu mbalimbali za Afrika fisi maji huuawa kwa ajili ya manyoya yake mazuri na kwa dawa za kienyeji. Mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaliyofanywa Washington mwaka 1973, yataka kibali kwa biashara ya namna hiyo ipitayo mipaka. Na katika Tanzania Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda pasipo ruhusa.

Ziwa Viktoria latupa onyo. Huko sangara aliletwa toka nje katika miaka ya 1950, akaongezeka sana katika miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikapotea. Maji nayo yakazidi kuwa na giza. Fisi maji hawakuulizwa. Chakula chao kiligeuzwa mbele yao. Ziwa la Tanganyika halijafika huko. Tangu mwaka 2003 nchi zake nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zina mapatano ya kulitunza kwa pamoja, na mwaka 2024 uvuvi upande wa Tanzania ulifungwa miezi mitatu, toka katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Katika hifadhi ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, ukanda wa maji wa upana kama kilomita moja na nusu umo ndani ya mpaka, na huko wavu hautegwi. Samaki akipumzishwa, fisi maji naye hupata nafuu.

Yampasayo mwalimu

Huenda mtu akasema, Je, tulibadili jina? Hatusemi hivyo. Jina lililokwisha kuingia katika kamusi na vinywani mwa watu haliondolewi kwa amri ya jarida. Mbwa mwitu ameendelea kuitwa mbwa, ijapokuwa si mbwa aliyepotea nyumbani, bali ni mnyama wa namna yake, ambaye siku hizi hesabu yake katika Afrika nzima haifiki 7,000. Naye zamani aliuawa kama mwizi hata ndani ya hifadhi, na mikono ya walinzi wenyewe. Jina likibaki, basi maana yake na ifundishwe sawasawa.

Twashauri mambo matatu. La kwanza, katika somo la majina ya wanyama, mwalimu asiishie kuandika ubaoni fisi maji na kupita. Na awaulize wanafunzi wamedhani nini waliposikia jina hilo, kisha awaeleze ukoo wake wa kweli. La pili, awapeleke watoto wa Kibirizi au Katonga kwenye mawe asubuhi, wakae kimya, watazame. Na waandike waliyoyaona, si waliyoyasikia. La tatu, awaulize wazee wa Kiha, wa Kitongwe, wa Kibembe na wa Kiholoholo jina walitumialo katika lugha zao, na maana yake, na kama palikuwa na mwiko juu ya kumwua au kumla. Wazee hao hawatangoji, na jina likizikwa pamoja na msemaji wake hatuna pa kulichimba.

Wakati wa kuuliza hayo, mwalimu asiwasahau wavuvi wenyewe. Na asiende kwao na lawama. Wao ndio wamwonao mnyama huyu kila siku, na yeye atakayewasikiliza juu ya nyavu zao zilizoraruka ndiye watakayemsikiliza atakaposema kwamba yule aliyemo wavuni si fisi. Majina na habari zitakazopatikana kwa njia hii tutafurahi kuzipokea, na kuzichapa kwa faida ya wasomaji wote.