"Msawazo" au "Mtuamo"? Istilahi Moja ya Nadharia ya Michezo katika Mawasiliano ya Redio

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi isiyoteuliwa kwa uangalifu yaweza kumpotosha mwanafunzi hata pale hesabu zilipo sahihi.

Mnamo mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya uongozi wa Norman Abramson, kilianzisha mtandao wa ALOHA. Vituo vilivyotawanyika visiwani vilipeleka habari kwenye kompyuta kuu kwa kushiriki masafa mamoja ya redio. Habari zilikatwa vifurushi. Vifurushi viwili vilipokutana hewani viligongana na kuharibika vyote, na kila kituo kikangoja kwa muda wa kubahatisha kabla ya kutuma tena. Tatizo hilo lingalipo popote vyombo vingi vinaposhiriki njia moja ya hewa.

Nadharia ya michezo hulitazama jambo hili kama mchezo, kwa maana ya bao wala si ya mzaha: kila mmoja huamua akipima uamuzi wa mwenzake. Tuchukue vituo viwili. Kifurushi kikifika huleta shilingi 100. Kila kutuma hugharimu 20. Kunyamaza hakuleti faida wala hasara. John Nash alieleza mwaka 1950 hali ambayo hakuna mchezaji awezaye kujinufaisha kwa kubadili mwendo peke yake. Kwa vituo vyetu, vikifuata mwendo mmoja, hali hiyo ni kutuma kwa kubahatisha mara 80 katika kila nafasi 100. Kwa wastani, vifurushi 32 hufika, nafasi 64 huwa migongano, na 4 hupita tupu. Faida ya kila kituo ni sifuri.

Lau kila kimoja kingetuma mara 50, vingefika vifurushi 50, na kila kituo kingepata wastani wa shilingi 15 kwa nafasi. Lakini atakayevunja mapatano na kutuma daima atapata 30.

Kuiita hali ya Nash "msawazo" ni kuipa sura ya usawa na maafikiano isiyokuwa nayo. Twapendekeza "mtuamo", kutokana na kutuama: maji hutuama penye bonde, yawe safi au machafu. Tena neno hili laelekeza kwenye dawa. Maji hayahami kwa nasaha. Ni lazima bonde lenyewe lihamishwe. Gharama ya kutuma ikipandishwa kwa ushuru hadi shilingi 50, mtuamo wenyewe huhamia kwenye mara 50, na vifurushi 50 hufika pasipo kituo chochote kushawishika kukiuka.