Mtoto wa mbwa kutoka Busunzu

Ndugu msikilizaji, mtu wa mjini akienda likizo kwao Busunzu, wilayani Kibondo, harudi mikono mitupu. Hufungashiwa maharage, unga wa muhogo, pengine na jogoo aliyefungwa miguu. Na mara nyingine, asubuhi ya safari, bibi hutoka nyuma ya jiko na mtoto wa mbwa wa wiki sita au saba, akasema: "Mpelekee mjukuu wangu, awalindie nyumba." Watoto wakishamwona, nani atathubutu kusema hapana?

Basi juma hili tuzungumzie swali ambalo baba na mama hawana budi kulijibu kabla mbwa huyo hajatiwa kikapuni. Hajachanjwa. Je, tumchukue au tumwache?

La kuhofiwa kwanza ni kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, vikaingia kwa mtu kupitia jeraha la meno, au mkwaruzo, au kidonda kilicholambwa. Kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, na dalili zikishatokea, hakuna dawa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na hapa Tanzania makadirio yamefika watu 1,500 kwa mwaka. Katika kila wafu kumi, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Sababu inaeleweka: mtoto hucheza na mbwa uso kwa uso, na akiumwa kidogo huogopa kusema nyumbani.

Wengi hudhani kwamba mbwa akiwa mdogo hawezi kuwa na kichaa. Huo ni uongo. Mtoto wa mbwa akiumwa na mbwa mgonjwa huambukizwa kama mkubwa, na anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akila na kucheza vizuri kabla ya ugonjwa kujitokeza.

Hapo ndipo linapovunjika jibu la haraka la watu wa mjini: "Tumchukue tu, kesho tutampeleka akachanjwe." Chanjo huufundisha mwili kupigana na adui ambaye bado hajaingia. Kama ameshaingia, sindano ya kesho imechelewa. Hata kwa mbwa mzima, kinga huhitaji wiki kadhaa kujengeka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza atachanjwa lini, uliza ametoka katika hali gani.

Muulize bibi maswali matatu. Mama wa mtoto huyu yuko wapi, na ni mzima? Je, kuna mbwa mgeni, au mnyama wa porini kama mbweha, aliyeingia uani na kupigana na mbwa wa nyumbani? Je, kijijini pamesikika habari za mbwa aliyeuma watu ovyo, au aliyekufa kwa namna isiyoeleweka, katika miezi ya karibuni? Kama mama alitoweka au aliuawa kwa sababu ya kuuma watu, au mtoto mwenyewe aliokotwa njiani, usimchukue, hata akitikisa mkia namna gani. Mwarifu bwana mifugo.

Madhara ya kumsafirisha mbwa bila kujua habari zake tumeyaona hapa hapa nchini. Kule Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilikuwa zimefanikiwa kuufuta ugonjwa huu kisiwani. Mwaka 2016 ukarejea, na uchunguzi wa virusi ukaonyesha kwamba uliingia kutoka nje ya kisiwa. Ilibidi mbwa wachanjwe upya, hadi ukatoweka tena mwaka 2018. Kumbe bahari yenyewe haikuuzuia. Sembuse basi la kutoka Kibondo?

Lakini tuseme majibu ya bibi ni mazuri: mama yupo, ni mzima, na watoto hawajatoka uani. Hata hivyo, ushauri wangu ni huu: usimchukue leo. Kabla ya kupanda basi, mtafute bwana mifugo, umlipe amchanje yule mama, na watoto wake pia kwa kadiri atakavyoelekeza, pamoja na dawa ya minyoo, maana minyoo ya mbwa wadogo huwaingia hata watoto wetu. Muulize pia kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Likizo ijayo utamkuta mbwa mwenye kinga na cheti, nawe utamchukua bila wasiwasi.

Pengine utasema, kwa nini nilipie mbwa wote ilhali nataka mmoja? Kwa sababu ukikataa kumchukua kwa kuhofia wanao, ukaondoka, hatari uliyoikimbia umemwachia bibi na wajukuu wanaobaki Busunzu. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wilayani Serengeti, kampeni za kuchanja mbwa wa vijijini zilipunguza sana ugonjwa huo kwa mbwa, na watu wanaoumwa na mbwa wagonjwa wakapungua pia. Nayo chanjo ya mbwa ni nafuu mno kuliko mfululizo wa sindano anazohitaji mtu aliyeumwa.

Na mtu akiumwa, awe mjini au kijijini, oshwe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Msipake majivu wala pilipili. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.

Ndugu msikilizaji, zawadi ya bibi haikataliwi. Lakini zawadi yenye uhai huulizwa habari zake kwanza. Tahadhari kabla ya hatari. Hadi juma lijalo, kwaherini.