Watu Huwaje Siku ya Msiba?

Imezoeleka kusemwa katika mabaraza yetu kwamba yakifika mafuriko au moto mkubwa, binadamu huvua utu wake: mwenye nguvu humkanyaga dhaifu, na mwenye mkono mrefu huingia nyumba isiyokuwa na mwenyewe. Sisi nasi tuliamini hivyo kwa miaka mingi, na imani hiyo ilitutia katika kosa ambalo tutalieleza huko mbele. Kwanza twataka kuwaarifu yale waliyoyaona wanazuoni waliokwenda kutazama kwa macho yao.

Wapo wanazuoni katika vyuo vikuu ambao kazi yao ni hiyo tu. Kila panapotokea zilzala, tufani au mripuko, hufunga safari, wakawahoji walionusurika, askari, wauguzi na wazima moto, wakaandika nani alifanya nini na saa ngapi. Chimbuko la elimu hii latajwa kuwa ni mji wa Halifax, katika Kanada. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, meli ya Kifaransa iitwayo Mont-Blanc, iliyosheheni baruti, iligongana bandarini na meli ya Kinorwe iitwayo Imo, ikashika moto. Watu wengi wakasimama madirishani kuutazama ule moto, kwa kuwa hawakujua ni shehena gani iliyomo. Punde ikaripuka. Walikufa watu wapatao 2,000, na 9,000 hivi wakajeruhiwa. Na walioumia macho kwa vigae vya vioo walikuwa mamia. Padri mmoja wa mji huo, Samuel Henry Prince, alikwenda baadaye kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, na mwaka 1920 akatoa kitabu juu ya namna jamii ya Halifax ilivyobadilika kwa msiba ule. Mwaka 1963 kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State kituo maalumu cha kuchunguza misiba, ambacho mwaka 1985 kilihamia Chuo Kikuu cha Delaware.

Waliyoyakuta ni kinyume cha maneno ya barazani. Fazaa ya watu kukanyagana ovyo si ya kila msiba, ni nadra. Tena wa kwanza kuokoa aghalabu si serikali, ni jirani na jamaa, kwa kuwa wao ndio waliopo. Jambo hili halihitaji ushahidi wa ng'ambo kwetu sisi watu wa pwani. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander, iliyopakia watu kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Mamia walipotea, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini mamia wengine waliokolewa, na miongoni mwa waliokwenda kuwaopoa walikuwamo wavuvi wenye vyombo vyao, ambao hawakungoja kuamriwa na mtu.

Kosa lililo la kawaida, wasema wanazuoni hao, si kuogopa kupita kiasi bali ni kutokuogopa mapema. Tarehe 11 Septemba 2001, minara miwili ya New York ilipopigwa kwa ndege, wengi waliokuwamo walikawia. Huyu akusanya vitu vyake, huyu apiga simu. Kisha wakashuka ngazi kwa utaratibu, wakisaidiana, na walio wengi sana wa wale waliokuwa chini ya mahali palipopigwa wakatoka salama. Na nchini kwetu, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu walilikaribia wakachota, na moto ukawaua zaidi ya 100. Wale wa Halifax walisogelea dirisha. Hawa walisogea na madumu. Katika yote mawili, khatari ilikuwa mbele ya macho na macho hayakuiona.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Baada ya mwaka 2001 Marekani iliunda wizara mpya ya usalama wa nchi, na mwaka 2003 idara yao ya kushughulikia maafa ikawekwa chini yake. Tarehe 29 Agosti 2005 ikaja tufani iitwayo Katrina. Kuta za kuzuia maji zikapasuka, na karibu sehemu nne katika tano za mji wa New Orleans, zikafunikwa na maji. Maelfu ya watu, wengi wao masikini na weusi, wakajazana katika uwanja mkubwa wa michezo bila chakula cha kutosha. Hapo uvumi ukaanza: kwamba uwanjani watu wachinjana, kwamba maiti ni mamia, kwamba helikopta za waokozi zapigwa risasi. Magazeti yakaandika na wakubwa wakakariri. Tarehe 31 Agosti meya akaamuru askari waache kuokoa watu, wakazuie wizi. Fikirini: mtu yu juu ya paa la nyumba yake, na mashua yageuzwa kwa sababu ya khabari ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Tarehe 4 Septemba askari wa mji huo waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha juu ya daraja la Danziger. Wawili wakafa, wanne wakajeruhiwa. Askari hao wakaandika taarifa ya uwongo kuficha jambo lao, na kesi ikaenda ikirudi mahakamani hata mwaka 2016 ndipo waliokuwa wakishitakiwa wakakiri makosa. Ama ule uwanja, ulipopekuliwa, maiti walikuwa wachache mno, si mamia. Wanazuoni wa Delaware waliofika huko waliandika kwamba walichokikuta zaidi ni watu wakisaidiana.

Tuliposoma hayo tuliikumbuka Suratul Hujurat, pale Waumini walipoamrishwa wahakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Wafasiri wengi wasimulia kwamba sababu yake ni mtu aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq, akarejea njiani akadai kwamba wamekataa kutoa na wametaka kumwua. Ikakaribia watu wasio na hatia kushambuliwa kwa neno la mtu mmoja aliyeingiwa na khofu. Tumewasomesha watoto kisa hicho miaka mingi.

Na tulipojaribiwa, hatukukitumia. Mwaka mmoja wa mvua kubwa maji yaliingia mtaani kwetu usiku. Alfajiri ukaja uvumi kwamba wezi wamo majumbani. Mara tukamwona kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, atoka katika nyumba isiyo yake na godoro kichwani. Watu wakamrukia. Tulikuwa tumesimama kiasi cha hatua kumi. Tulimjua kwa jina, na twakiri kwamba tulinyamaza, kwa kuwa nasi moyoni tulikwisha kumhukumu. Alipigwa hata damu ikamtoka sikioni, mpaka mama mmoja alipopiga kelele kutoka msikitini kwamba godoro lile ni la bibi kizee asiyeweza kukaa sakafuni. Kijana alimbeba bibi kwanza mgongoni, akamfikisha msikitini, kisha akarudi.

Tulimwendea baadaye kumwomba radhi, akasamehe. Sikio lile halisikii vyema hata leo.

Tangu hapo, kila karibu na masika, twawaambia wanafunzi wetu wakubwa wapite nyumba kwa nyumba, wakaulize yupi ni mgonjwa, yupi kipofu, yupi ana watoto wachanga, na ni nani atakayembeba. Majina huandikwa daftarini, na daftari hukaa kwa imamu. Jina la kwanza katika waliojitolea kubeba ni la kijana yule.