Kuchagua pa kutazama angani

Vijana wetu hapa Luberizi walituuliza: wataalamu wanaotafuta sayari za nyota nyingine wanaanzia wapi, na mbingu ni pana namna hii? Tulipotafuta jibu, lilitugusa sisi wenyewe.

Sayari hizo ni ndogo na za mbali, hivi ni vigumu kuziona zenyewe. Darubini hupima mwanga wa nyota na kungoja. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo. Kwa mtazamaji wa mbali, Dunia yetu ingepunguza mwanga wa Jua kwa chini ya sehemu 1 katika 10,000, kwa saa zisizozidi 13, mara moja tu kwa mwaka. Ukigeuza macho saa hizo, umeikosa.

Ndiyo sababu darubini ya Marekani, Kepler, iliyorushwa Machi 2009, ilikaza macho mahali pamoja kwa miaka minne, upande wa makundi ya nyota ya Cygnus na Lyra. Kwanza, mahali hapo pako mbali na njia ya Jua. Wavuvi wa Uvira wanajua kwamba mbalamwezi ikiwaka, taa yao haivuti ndagala. Vilevile mwanga wa Jua ungeiharibia darubini kazi. Pili, pana nyota nyingi: zaidi ya 150,000 ziliwekwa kwenye orodha.

Darubini TESS, iliyorushwa Aprili 2018, ilichagua njia nyingine. Inapita karibu mbingu yote kipande kwa kipande, kila kimoja siku kama 27. Inazifikia nyota nyingi za karibu, lakini sayari yenye mwaka mrefu inaweza kuiponyoka. Anayekaa pamoja hakosi kuacha kwingine; anayepita kote hakai.

Hata pale panapotazamwa, sayari iliyo mbali na nyota yake kama Dunia ilivyo mbali na Jua huonekana tu ikiwa njia yake imelingana na macho yetu. Nafasi hiyo ni kama 1 katika 200. Kwa hiyo wataalamu hawasemi kwamba nyota nyingine hazina kitu. Wanahesabu kwamba kila sayari moja ya namna hiyo iliyoonekana inasimama kwa ajili ya nyingine kama 200 zilizofichika.

Hapo tuliona aibu. Tulipoandika majina ya wahitaji, tulipita nyumba za kando ya barabara kuu, kisha tukatangaza kanisani kwamba orodha imetimia. Baadaye mama mmoja mjane, anayekaa mbali upande wa mto Ruzizi, alituuliza kwa upole kama jina lake lilisahaulika. Halikusahaulika. Hatukufika kwake.

Hatuwezi kutazama kote kwa mara moja. Kuchagua ni lazima. Kosa letu lilikuwa kuhesabu tusipofika kama mahali pasipo na mtu. Sasa juu ya orodha tunaandika pia vijiji ambavyo hatujafika, na mzunguko ujao tutaanzia upande wa mto.