Peugeot ya zamani ao Hilux ya leo: kikundi kinunue gani?

Vikundi vingi vinavyotoa mihogo, nyanya na ndizi shambani hufika siku moja kwenye swali hili: akiba yetu inunue motokari ya zamani ya bei ndogo, ao tungoje tupate pikapu ya kisasa?

Tuchukue mbili tunazozijua. Peugeot 504 na Toyota Hilux zilitokea mwaka mmoja, 1968. Hilux ingali inatengenezwa. 504 iliachwa zamani.

Uzuri wa 504 ni wepesi wake. Karabireta inafunguliwa na fundi wa mtaa kwa funguo chache, wala hakuna kompyuta. Nguvu yake ilionekana mwaka 1975, iliposhinda Safari Rally kule Kenya, katika matope na mashimo kama yetu. Lakini zinazouzwa leo zimezeeka. Kutu inakula chini, vipuri vinatafutwa mbali, na ya esansi inakunywa sana. Muuzaji atawaonyesha rangi mpya. Ninyi lala chini mutazame chasi.

Hilux ya kisasa inabeba karibu tani moja, na nyingi zinavuta kwa magurudumu yote manne. Ina breki zisizokwama na mifuko ya hewa ya kulinda walio mbele. Lakini injini yake ya mazuti inasukuma mafuta kwa nguvu kubwa kupitia vitundu vidogo sana. Maji ao uchafu wa bidoni ya barabarani unaharibu enjekta, na enjekta ni bei kali. Inahitaji pia fundi mwenye mashini ya kusoma kompyuta yake.

Basi mzigo ndio uamue. Nyanya hazingoji: motokari ikilala siku tatu, faida imeoza. Wanaouza mboga watafute gari lisilolala njiani. Mihogo mikavu na maharagwe vinaweza kungoja fundi. Ya zamani inaweza kufaa, kama safari ni fupi. Na kama baada ya kununua hamubaki na feza ya matairi, matengenezo na asiransi, endeleeni kukodi kwanza.

Tazameni na viti. Pikapu ya milango miwili ina nafasi kubwa ya mizigo. Ya milango minne inakalisha watu watano, lakini nyuma yake ni fupi. Msichague ya kwanza halafu mupande juu ya magunia na watoto mgongoni. Juu ya magunia hakuna mkanda, na gari likipinduka hakuna cha kumshika mama.

Mwisho, karatasi. Kama kikundi kimeandikishwa, karte roze ibebe jina la kikundi, si la bwana ya mmoja wetu. Feza ilitoka kwa wote. Motokari nayo iwe ya wote.