Lebo ya nguo kama hati: namna ya kukadiria umri wa vazi

Watafiti wa historia ya jamii wamezoea kutafuta tarehe katika barua, picha na daftari za misioni. Nguo, ingawa ndiyo iliyo karibu kuliko vyote na mwili wa mtu, mara nyingi huachwa kando kwa madai kwamba haisemi. Dai hilo si la kweli. Ndani ya shingo ya koti, au katika mshono wa ubavuni mwa gauni, hupatikana kipande kidogo chenye maandishi, yaani lebo. Maandishi hayo ni mafupi, lakini yana mtungaji, yana msomaji aliyekusudiwa, na yanatawaliwa na sheria. Kwa hiyo yanaweza kuchunguzwa kama matini nyingine yoyote. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lebo inavyosaidia kukadiria umri wa vazi, na kuonyesha mipaka ya msaada huo.

1. Kanuni ya msingi

Ni nadra lebo kutaja mwaka vazi liliposhonwa. Kinachopatikana ni mipaka miwili. Mpaka wa chini hutokana na neno, alama au nambari ambayo haikuwapo kabla ya mwaka fulani: vazi lenye alama hiyo haliwezi kuwa la zamani kuliko alama yenyewe. Mpaka wa juu hutokana na neno lililoacha kutumika. Mpaka huu wa pili ni dhaifu zaidi, kwa kuwa mshonaji mwenye akiba ya lebo za zamani huweza kuendelea kuzitumia hadi zimalizike. Hata hivyo, mipaka hiyo miwili ikikutanishwa, kipindi kinachobaki huwa kifupi kiasi cha kumfaa mtafiti.

2. Ushahidi wa majina

Majina ya nchi na miji ndiyo ushahidi ulio rahisi kusomwa. Lebo inayotaja Japani iliyo chini ya majeshi ya kigeni ni ya kati ya 1945 na 1952. Inayotaja Ujerumani Magharibi haitangulii 1949, wala haitarajiwi baada ya 1990.

Nchini Kongo ushahidi huu una nguvu ya pekee, kwa sababu majina yamebadilika mara nyingi. Maneno « Congo Belge » ni ya utawala wa Ubelgiji, ulioanza 1908 na kwisha tarehe 30 Juni 1960. Jina « Zaïre », kama jina la nchi, lilidumu toka 27 Oktoba 1971 hadi Mei 1997. Léopoldville, Élisabethville na Stanleyville ziliitwa rasmi Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani mwaka 1966. Basi kitenge, ambacho wengi mashariki mwa nchi hukiita kikwembe, kikiwa na jina la Kinshasa katika maandishi ya ukingo wake, hakiwezi kuhesabiwa kuwa cha zama za ukoloni. Lakini jina la kampuni lisichanganywe na jina la mji. UTEXLEO, kiwanda kilichokuja kuitwa UTEXAFRICA, kilibeba Léopoldville ndani ya jina lake. Na jina la kampuni huweza kuishi baada ya mji kubadilishwa jina.

3. Ushahidi wa sheria

Sehemu kubwa ya maneno ya lebo haikuandikwa kwa hiari ya mshonaji, bali kwa amri ya serikali. Marekani ni mfano mzuri, kwa sababu tarehe za sheria zake zinajulikana, na kwa sababu nguo zake hufika Afrika ndani ya marobota ya mitumba. Sheria ya bidhaa za sufu, iitwayo ya 1939, ilianza kutumika 1941. Toka hapo aina ya sufu na kiasi chake vikapaswa kutajwa. Sheria ya nyuzi za aina nyingine ilipitishwa 1958 na kuanza kutumika Machi 1960. Kanuni ya kutoa maelezo ya kufua na kupiga pasi ilianza Julai 1972. Mwaka 1997 iliruhusiwa kueleza hayo kwa michoro pekee, bila maneno. Kwa hiyo blauzi ya Kimarekani yenye michoro ya beseni na pasi bila neno hata moja la maelezo inaelekea kuwa ya 1997 au baada yake. Kanuni hii isihamishiwe Ulaya, ambako michoro ya namna hiyo ilitumika mapema zaidi.

Alama za vyama vya wafanyakazi nazo husaidia. ILGWU, chama cha wafanyakazi wa mavazi ya wanawake, kiliundwa 1900, na mwaka 1995 kikaungana na chama kingine kwa jina jipya la UNITE.

4. Nambari na mitego yake

Wasomaji wengi hukosea katika nambari. Nguo za Uingereza zenye alama CC41 zilitengenezwa chini ya mpango wa serikali wa kubana matumizi wakati wa vita. Tarakimu 41 huonyesha mwaka mpango ulipoanza, si mwaka wa kushona; mpango wenyewe uliendelea hadi 1952.

Nambari za Marekani zinazotanguliwa na herufi RN zina mtego wa aina hiyohiyo. Zilianza kutolewa 1952, na mfululizo unaoanzia 13670 ulianza 1959. Nambari hiyo hupewa kampuni mara moja, nayo huitumia kwa miaka mingi. Inaonyesha kampuni iliandikishwa lini. Haionyeshi vazi lilishonwa lini.

5. Lebo na kumbukumbu za watu

Ichukuliwe kwa mfano familia inayohifadhi sandukuni koti la Kimarekani linalosemwa kuwa la harusi ya babu, mwaka 1958. Lebo yake ina maelezo ya ufuaji na nambari RN 40000. Nambari hiyo inalitoa koti kabla ya 1959, na maelezo ya ufuaji yanalisogeza kuelekea 1972 au baadaye. Je, familia imesema uongo? La hasha. Huenda koti la harusi lilichakaa na jingine likarithi hadithi yake. Huenda lebo iliongezwa wakati wa kutengenezwa upya. Lebo hupima dai juu ya kitu. Haipimi heshima ya msimulizi. Mtafiti anayelisahau hilo hupoteza hadithi na msimulizi pamoja.

Kwa sababu hiyo lebo isiachwe kusimama peke yake. Ilinganishwe na uzi, vifungo, zipu na mkato wa vazi. Abakosti, kwa mfano, ni vazi la miaka ya 1970 na 1980. Lebo ya « Congo Belge » ndani yake ingekuwa ushahidi wa lebo iliyohamishwa, si wa vazi la kale.

Jambo la mwisho ni la kivitendo. Lebo hukatwa kwa urahisi: hukwaruza shingo, na fundi akipunguza nguo huitupa pamoja na vipande vingine. Anayekusanya mavazi kwa ajili ya chuo au makumbusho hana budi kunakili maandishi yote kabla ya kufua wala kushona, kwa tahajia ileile, pamoja na makosa yake, akitaja lugha zilizotumika, mpangilio wake na mahali lebo iliposhonewa. Lebo iliyokwisha tupwa haina nakala mahali pengine.